Tochi ya gesi ya mkononi kwa kazi za boti: nyusi zimeungua, nisaidieni kuchagua

BariaWaKasenyi

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Kasenyi, upande wa Entebbe, nyusi za kushoto hazipo.

Boti yangu ni ya mbao za musizi, futi 28, mashine ya farasi 15. Natafuta sangara, na siku nyingine nabeba mizigo ya watu wa visiwani. Nilichoka kumwita fundi kwa kila kitu kidogo, tena na nauli ya boda juu yangu, nikaamua kununua tochi ya gesi yangu mwenyewe. Nikaingia duka moja Nabugabo Road nikasema nataka tochi ya gesi. Kijana akaniletea kurunzi ya sola. Nikamweleza kwa mikono na kwa mdomo, shuuu, akacheka: "Aaa, ile ya kuchomea vichwa vya mbuzi!" Hapo ndipo ningeshtuka, lakini wapi.

Akanipa kichwa kinachobanwa juu ya kopo la jiko dogo la mezani, lile refu la gramu 220. Kinanguruma kweli, nikajiona mwanaume. Juzi nati ya propela imeganda kwa kutu, nikainama nyuma ya boti, nikaelekeza tochi chini. Kopo likawa miguu juu. Ulimi wa bluu ukageuka njano mara moja, urefu wa mkono, ukanirudia usoni. Nikaitupa ziwani. Ikaelea pale ikiwaka kama taa ya kuvulia mukene (dagaa), kisha ikazima.

Sasa nataka ya pili, yenye akili. Kazi zangu: viungo vya waya za taa na pampu ya maji, temino za betri, boliti zilizoganda, kufunga ncha za kamba. Mkwe wangu anasema ninunue yenye moto mkali kuliko zote nimalize. Mnasemaje?

KijanaWaKatwe

Pole sana kaka. Hiyo tochi haina ubovu, umeishika vibaya tu. Ndani ya kopo gesi ni maji, na juu ya maji kuna mvuke. Kopo likisimama, tochi inavuta mvuke. Ukilipindua inavuta maji yenyewe, na tone moja la maji hayo likigeuka mvuke ni zaidi ya mara mia mbili ya ukubwa wake. Ndiyo ule moto wa njano.

Kuna vichwa vyenye kibomba kidogo kinachopita karibu na moto, kikishapata joto kinageuza hayo maji kuwa mvuke kabla hayajafika mdomoni. Hivyo unaweza kuvipindua, ila uache viwake wima dakika moja au mbili kwanza. Kwenye boksi huandikwa kwamba inafanya kazi pande zote. Usiamini boksi. Mwambie muuzaji awashe, asubiri, apindue mbele yako. Akikataa, ondoka.

MamaMukene_Kiyindi

Mwanangu wa Kasenyi, shukuru Mungu ni nyusi. Kabla hawajakutajia tochi, niambie: kwenye ngama, pale chini maji ya boti yanapotuama, kulikuwa na nini siku hiyo?

Mimi nina boti tatu hapa Kiyindi. Nimeona baharia akikomba maji ya ngama kwa kopo, na juu ya maji unaona ile rangirangi ya petroli inazunguka. Anaimwaga nje, anasema boti ni safi. Safi wapi? Chini ya mbao za kukanyagia harufu imebaki, na mvuke wa petroli ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa. Hautoki kwa kupepea kofia. Umekaa humo unakungoja wewe na tochi yako.

Na hiyo gesi ya kopo ni hivyohivyo. Butani ina uzito mara mbili ya hewa, propani mara moja na nusu. Ikivuja jikoni angalau kuna mlango, inatambaa ikatoka. Boti ni bakuli. Ikivuja ndani ya boti inashuka ngamani inalala pale.

Kwangu sheria ni moja, moto hauwashwi boti ikiwa majini. Boti inavutwa mchangani. Nyavu zinashuka, maana nailoni ikishika moto inadondoka matone yanayowaka. Jerikeni na tanki vinashuka. Mbao za chini zinafunguliwa, ngama inakombwa na kuoshwa kwa sabuni, kisha jua liingie. Betri inafunguliwa nyaya zote mbili, na kama ilikuwa inachajiwa usiiguse mpaka ipoe, ile nayo inatoa gesi yake. Baharia wangu wananiita mama polisi. Waniite.

BariaWaKasenyi

Mama, nimekusikia. Ukweli tanki lilikuwa palepale, hatua moja. Nilikuwa nimelifunika gunia.

MamaMukene_Kiyindi

Gunia!

FundiMasese

Baria, nitakuuliza ninavyowauliza wateja hapa Masese: unataka kupasha nini? Watu wananunua tochi kwa kusoma joto lililoandikwa kwenye boksi. Tupige hesabu ya kazi zako.

Ule mpira mweusi unaouvalisha kwenye kiungo cha waya ukasinyaa, unaanza kujikunja kwenye nyuzi 90 hadi 120 hivi. Lehemu ya bati na risasi, ile ya 60 kwa 40, inayeyuka kati ya 183 na 190. Isiyo na risasi, 217 hadi 227. Kamba ya plastiki ya kawaida kama 165, ya nailoni juu ya 200. Na tochi ndogo ya butani, ile ya kukaa kiganjani, moto wake unavuka 1,000. Kwa hiyo ndogo kabisa inakuzidi mara tano. Mkwe wako anataka ikuzidi mara ngapi?

Shida kwenye boti haijawahi kuwa joto dogo. Ni joto kwenda pasipotakiwa. Unapasha temino, nyuma yake kuna ubao mkavu wenye rangi ya mafuta. Unapasha kiungo cha waya, sentimita tano kutoka hapo kuna bomba la mpira la mafuta. Moto mpana unaonguruma ni wa kazi ya nje. Wewe unahitaji ulimi mwembamba ulioelekezwa, unaozimika ukiachia kidole.

Sasa hiyo nati ya propela. Hapo usipeleke moto kabisa, hata wa kiberiti. Katikati ya propela ya mashine yako kuna kitovu cha mpira kinachopokea mshtuko ukigonga jiwe. Ukikichoma, mashine itazunguka, propela itabaki inakuangalia. Nyuma yake kuna sili za shafti, nazo ni mpira. Zikiungua, maji yanaingia kwenye gia na hutajua mpaka oili itoke nyeupe kama chai ya maziwa. Nati hiyo: chomoa pini yake vizuri, piga brashi ya waya kwenye nyuzi za skrubu, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, nenda kalale. Asubuhi nyunyiza tena. Weka kipande cha ubao kati ya propela na bamba la juu isizunguke, tumia spana ya boksi yenye mpini mrefu, shtua. Usivute polepole, shtua.

Boliti za chuma zilizoingia kwenye mwili wa aluminiamu ni habari nyingine, hapo moto unasaidia. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Kwa hiyo pasha mwili unaozunguka boliti, boliti yenyewe iache. Tundu linatanuka kuliko boliti, kutu inapasuka. Ila aluminiamu ni mnafiki, haigeuki nyekundu ikakuonya kama chuma. Unapasha, inakaa na rangi yake ileile, halafu inaanguka. Safi inayeyuka kwenye 660, na hizi za kalibu za mashine huanza mapema kuliko hapo. Mimi nadondosha tone la maji: likichemka na kuruka, inatosha, nashika spana. Na kabla ya hayo yote mashine imeshuka kwenye boti, iko kwenye stendi, tanki na bomba lake viko mbali.

MotoMkali256

Mnamtisha mwenzetu bure. Chukua ule mtungi wa njano wa Marekani, MAP-Pro, moto wake hauna mpinzani. Unanunua mara moja unasahau.

FundiMasese

Mkuu, ni mtungi mzuri, mafundi wa friji wanaupenda kwa kuunga bomba za shaba. Lakini tuseme kweli. MAPP yenyewe ya zamani iliacha kutengenezwa Amerika ya Kaskazini mwaka 2008, huu wa sasa kwa sehemu kubwa ni propilini. Kwenye hewa ya kawaida moto wake unatajwa kuwa kama 2,050, wa propani kama 1,980. Tofauti hiyo kwenye temino ya betri utaionaje? Na mtungi ukiisha akiwa Kasenyi, atapata wapi mwingine?

KijanaWaKatwe

Hapo umegusa. Mimi nawaambia watu hivi: chagua kopo kwanza, tochi baadaye. Zunguka madukani, kuanzia ya karibu na mwalo wako, uone gesi gani inapatikana mwaka mzima. Ukiipata ndipo utafute kichwa kinachoikubali, maana hazibadilishani. Hilo kopo refu la jiko la mezani lina pengo pembeni, kichwa kinaingia na kuzungushwa. Makopo mafupi ya wapanda milima yana skrubu nyembamba. Mitungi ya Marekani ina skrubu pana ya inchi moja. Kuna na yale ya kutobolewa, ambayo ukishayafunga huwezi kuyatoa mpaka yaishe. Haya ya mwisho usiyaingize kwenye boti.

Kuna njia ya tatu ambayo naona ndiyo yako: tochi ndogo yenye tangi lake ndani, unajaza kwa gesi ya viberiti. Hayo makopo ya gesi yako tele Kikuubo, Kampala. Ijaze ikiwa imezimwa na imepoa, tochi kichwa chini, kopo kichwa chini juu yake, usukume wima bila kuyumbisha. Ukimaliza subiri dakika chache kabla ya kuwasha ili iliyomwagika itawanyike. Kwangu moja inakaa kama nusu saa ya moto mfululizo, na kazi ya waya haili hata dakika tano.

Angalia mambo mawili. Iwe na kitako kipana cha kusimama mezani, kwa sababu utahitaji mikono yote miwili. Na iwe na kufuli kwenye kitufe, isije ikajiwasha ndani ya mfuko wa zana.

FundiMasese

Nakubaliana, na niongeze juu ya hiyo gesi ya viberiti. Iliyosafishwa sana mara nyingi haina harufu. Ya jikoni wanaitia dawa makusudi ili inuke ikivuja. Hii ikivuja kwenye boti inayonuka samaki, pua haikusaidii kitu. Pima kwa povu la sabuni kwenye vali kila ukijaza, mapovu yakikua inavuja.

AfandeMstaafu_Panyimur

Salamu kutoka Ziwa Albert. Vijana mmeongea vizuri. Mimi nina neno moja zito na moja jepesi.

Zito: msijaze kopo kutoka kwenye mtungi wa jikoni. Hapa kwetu kijana alinunua adapta, akageuza mtungi wa mama yake, akajaza kopo la butani ili "asipoteze hela". Kopo lilivimba kitako, likawa linayumba mezani kama chungu. Nilimwamuru alipeleke uwanjani, mbali na watu na jiko, afungue vali kidogo kidogo upepo uchukue. Gesi ya jikoni imechanganywa propani na butani. Kwenye joto la hapa propani inasukuma karibu mara nne kuliko butani. Kopo la bati lile limetengenezwa kwa butani tu. Kaka yangu wa Kasenyi, usijaribu, hata kama uko kisiwani na duka limefungwa.

Jepesi: upepo. Upepo wa jioni unazima tochi ndogo kila ukigeuka. Chukua debe la mafuta ya kupikia, likate katikati kwa urefu, kunja kingo zisikukate. Ukilisimamisha nyuma ya waya linazuia upepo, linalinda ubao, na joto linarudi upande wa nyuma wa ule mpira unaosinyaa. Debe hilo ninalo toka nikiwa kazini.

MotoMkali256

Afande heshima. Debe nalichukua.

BariaWaKasenyi

Asante wazee. Swali: temino za betri. Nilikuwa nataka kujaza lehemu tu, ikae. Ni sawa?

KijanaWaKatwe

Ni sawa kabisa, pasha temino, lehemu ijiyeyukie yenyewe ndani.

FundiMasese

Hapo nakupinga. Kwenye redio ya nyumbani, sawa. Kwenye boti, lehemu inapanda ndani ya nyuzi za waya kama mafuta kwenye utambi, na pale inapoishia waya unakuwa mgumu upande mmoja, laini upande wa pili. Mashine inatetemeka siku nzima. Waya unakatika hasa kwenye mpaka huo, tena ndani ya ganda, huoni. Bana kwanza kwa koleo lake la kubania temino, ubane hadi ukivuta kwa nguvu haitoki. Kisha valisha mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Lehemu ikiwepo iwe ya kuzuia maji kuingia, isiwe ndiyo inayoshika.

KijanaWaKatwe

Nimebana na kulehemu miaka mingi, haijakatika.

FundiMasese

Kwenye boti?

KijanaWaKatwe

Kwenye lori. Haya, nimekuachia.

BariaWaKasenyi

Wiki mbili zimepita, naleta ripoti.

Nilikwenda Kikuubo. Nikachukua ndogo ya kujaza, kitako kipana, kufuli, na vinywa vitatu: cha moto mwembamba, cha kulehemu, na kimoja kinachotoa hewa ya moto bila ulimi. Nilimwomba muuzaji aijaze na kuiwasha, nikaipindua mbele yake dakika nzima. Alinuna, lakini ilitulia, haikutema. Kopo moja la gesi likawa juu yake.

Nati ya propela ilitoka bila moto. Siku mbili za mafuta, ubao, spana ya boksi, nikashtua mara tatu, ya tatu ikalia *kaa!* nikaanguka makalio kwenye maji. Mpira wa propela mzima.

Temino nilifanyia nyumbani chini ya mwembe, siyo ndani ya boti. Nilibana kwa koleo la kuazima. Halafu nikavalisha mpira wenye gundi, nikaweka debe la Afande nyuma, nikatumia kile kinywa cha hewa moto. Mara ya kwanza nilikaribia mno, mpira ukafanya malengelenge upande mmoja, nikaukata nikaanza upya. Ya pili nilianzia katikati nikaenda kwenye ncha, nikizungusha waya polepole. Unaona unakaza, unachora umbo la temino ndani yake kama soksi iliyolowa, kisha kwenye kingo zote mbili gundi inatokeza duara jembamba linalong'aa. Hapo nikaacha. Nimeutumbukiza kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi nikaukata mmoja wa majaribio kuangalia ndani: shaba kavu.

Kasoro moja: kiwashio cha kubonyeza kinakataa asubuhi na umande. Natembea na kiberiti.

MamaMukene_Kiyindi

Na ukimaliza unaiweka wapi?

BariaWaKasenyi

Mama, nilijua utauliza. Tochi na kopo viko kwenye ndoo niliyoitoboa matundu chini, imening'inia nyumbani kivulini, nje. Kwenye boti haiendi. Jua la ziwani kwenye ubao wa boti hata mguu haukanyagi, na kopo limeandikwa lisizidi nyuzi 50.

FundiMasese

Funika mdomo wake kwa kipande cha kitambaa. Buibui wanapenda sana kitundu cha gesi, na wale wadudu wa ziwani wakitoka kama moshi wanaingia kila mahali. Kitundu kikiziba nusu, moto unakuwa wa njano na masizi, watu wanadhani gesi ni mbovu. Ukizibua usitumie sindano, utakipanua. Puliza.

MotoMkali256

Na ile ya kwanza iliyoelea kama taa ya mukene, ilipotea?

BariaWaKasenyi

Haikupotea, mawimbi yaliirudisha palepale. Nimempa mama anayeuza mulokoni (supu ya kwato za ng'ombe) hapa mwaloni. Anaisimamisha wima, anachoma manyoya ya kwato, moto unanguruma vizuri tu. Jana kanipa sahani ya bure.